Kubadilisha Vichwa vya Sanamu za Kukusanya: Mwongozo Kamili Unaoanzia Shingoni

Mtu anayetaka kuipa sanamu yake, yaani kinyago kidogo chenye viungo, kichwa kipya kwa kawaida huanza kwa kutazama uso, kwa kuwa uso ndio unaoipa sanamu nafsi yake. Hata hivyo, miaka niliyoifanya kazi hii imenithibitishia kwamba kichwa hukubali au hukataa kukaa kwa sababu ya shingo: unene wa kigingi chake, kina cha tundu linalokipokea, rangi ya ngozi inapokutana na koo, na nafasi iliyopo kati ya kidevu na ukosi wa nguo. Uso mbaya unaweza kupakwa rangi upya, lakini kichwa kisichopatana na shingo huonekana cha kuazima hata kikiwa kimechongwa kwa ustadi mkubwa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia shingoni, na utarudi hapo mara kwa mara.

Hamu ya kuipa sanamu moja sura nyingi si ngeni. Kampuni ya Hasbro ilipotoa G.I. Joe mwaka 1964, ikiwa na kimo cha karibu sentimita 30, watoto walipata sanamu yenye viungo ambayo mavazi na silaha zake ziliweza kubadilishwa. Mwaka 1966 kampuni ya Ideal ilileta Captain Action, ambaye aligeuka kuwa shujaa mwingine kwa kuvalishwa nguo na barakoa laini iliyofunika kichwa kizima. Nendoroid, sanamu ndogo zenye vichwa vikubwa za kampuni ya Kijapani ya Good Smile Company, zilizoanza mwaka 2006, zilichukua njia ya kubadilisha bamba la uso huku nywele zikibaki zilezile, na sanamu za figma za kampuni ya Max Factory, zilizoanza mwaka 2008, zinafanya vivyo hivyo katika mwili wenye viungo vingi. Siku hizi sanamu nyingi huja na kichwa cha pili ndani ya kisanduku. Jambo ambalo halijapatikana mpaka leo ni kipimo kimoja cha pamoja: kila kampuni ina shingo yake, na wakati mwingine kampuni moja hubadilisha shingo kutoka toleo moja hadi jingine.

Kupima kabla ya kununua

Hatua ya kwanza ni kujua uwiano wa sanamu. Mtu mwenye kimo cha sentimita 180 huwa na sentimita 30 katika uwiano wa 1/6, sentimita 15 katika 1/12, na sentimita 10 katika 1/18. Kichwa cha mtu mzima, kutoka kidevuni hadi utosini, kina takriban sentimita 23, kwa hiyo kichwa halisi kinapaswa kuwa na karibu milimita 38 katika 1/6, milimita 19 katika 1/12, na milimita 13 katika 1/18. Pima bila kuhesabu nywele zilizosimama, kofia au pembe, kwa sababu hizo ndizo huwadanganya wanunuzi wengi wanaosoma kimo kilichoandikwa na muuzaji.

Namba hizo ni mwanzo tu, kwa kuwa si kila sanamu imechongwa kama binadamu wa kawaida. Mwili wa mtu mzima hugawanyika katika vichwa saba na nusu hivi, lakini wachongaji wa mashujaa mara nyingi huupa mwili vichwa vinane au zaidi ili uonekane mrefu na wenye nguvu. Kichwa cha kipimo sahihi kikiwekwa juu ya mabega mapana ya namna hiyo huonekana kidogo mno. Ndiyo maana napendekeza kukata duara la karatasi ngumu lenye kimo na upana wa kichwa unachokusudia kununua, ulishike juu ya shingo, kisha urudi nyuma hatua mbili na kutazama. Jicho litatambua kosa la uwiano haraka kuliko hesabu.

Baada ya hapo chukua kalipa, kifaa cha kupimia vipenyo na kina, na upime mambo manne: kipenyo cha tufe lililo juu ya kigingi cha shingo, urefu wa kigingi kutoka kwenye koo, kipenyo cha mdomo wa tundu la kichwa, na kina cha tundu hilo. Andika namba hizo kwa kiwango cha desimali moja ya milimita. Tofauti ya milimita 0.2 inatosha kukifanya kichwa kilegee kiasi cha kuinama chenyewe, au kikaze kiasi kwamba kigingi kitakatika kabla hakijaingia. Muuzaji asiyeweza kutaja kipenyo cha tundu aombwe picha ya sehemu ya chini ya kichwa ikiwa imewekwa kando ya rula.

Shingo zenyewe ni za aina tatu kuu. Katika aina ya kwanza, tufe limeungana moja kwa moja na shingo ya mwili, na kichwa kina tundu tupu. Katika aina ya pili kuna kigingi chenye matufe mawili, moja likiingia kichwani na jingine likizama ndani ya shingo au kifua, na hiyo ndiyo rahisi kuliko zote kwa sababu kigingi chenyewe kinaweza kubadilishwa. Katika aina ya tatu, kichwa kimechongwa pamoja na shingo yake na kiungo kimefichwa chini ya ukosi. Aina hii ya mwisho huondoa tatizo la rangi mbili kukutana kooni, lakini inadai mwili ambao shingo yake inaweza kuondolewa, na haifai kwa sanamu iliyo kifua wazi, maana mshono utahamia katikati ya mifupa ya mabega na kuonekana zaidi.

Kutambua kichwa kimetengenezwa kwa kitu gani

Usishike kisu wala maji ya moto kabla ya kujua unashughulika na kitu gani. Vichwa vingi vya kiwandani ni vya PVC laini, ambayo hukubali ukucha kidogo na kunyumbuka inapopata joto. Vigingi na viungo mara nyingi ni vya ABS au plastiki nyingine ngumu. Vichwa vinavyotengenezwa na mafundi binafsi kwa kawaida ni vya resini, iwe ile iliyosubiwa ndani ya kalibu ya silikoni au ile iliyotoka kwenye printa. Resini haitanuki. Niliwahi kuisukuma kwa nguvu kwenye tufe nililodhani limekaribia kuingia, na kichwa kilipasuka kutoka kwenye tundu hadi nyuma ya sikio. Tangu siku hiyo, kichwa cha resini kwangu huchukuliwa kama kikombe cha kauri: tundu ndilo linalotengenezwa lifuate tufe, na nguvu haitumiki kabisa.

Resini ina jambo jingine la kuangalia. Vumbi lake likivutwa hudhuru mapafu, kwa hiyo piga msasa ukiwa umeulowesha kwa maji, vaa barakoa inayozuia vumbi laini, na futa meza kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia. Kichwa kilichotoka kwenye printa kikiwa bado kinanata kinahitaji kuoshwa na kukamilishwa kwa mwanga wa urujuanimno, na mpaka hapo kishikwe kwa glavu.

Kuvua kichwa cha zamani

Chemsha maji, uyaache yatulie mpaka yafikie takriban nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi, kisha uzamishe kichwa na shingo peke yake kwa dakika moja au mbili. Kwa mwili wenye nguo za kitambaa, au wenye skrubu za chuma zinazoweza kushika kutu, tumia mashine ya kukaushia nywele badala ya maji, ukiizungusha bila kuituliza mahali pamoja. PVC ikishalainika, shika mwili kwa taulo, ushike kichwa kwa vidole vya mkono wa pili, na uvute moja kwa moja kuelekea juu huku ukitikisa kidogo mbele na nyuma. Usikizungushe kama kizibo cha chupa. Vigingi vyembamba hukatika kwa kupindwa zaidi kuliko kwa kuvutwa, na kigingi kilichokatika ndani ya shingo ni kazi ya saa nzima ya keekee na subira.

Kichwa kikikataa, rudisha kwenye joto. Mara nyingi anayevunja kigingi ni yule aliyekosa dakika moja zaidi ya kusubiri. Kikishatoka, zamisha kichwa na shingo katika maji baridi ili plastiki igande katika umbo lake bila kupinda, kisha ukaushe vizuri ndani ya tundu, kwa kuwa unyevu uliobaki humo utazuia gundi na puti (kijazio laini kinachokauka na kuwa kigumu) kushika.

Kulipatanisha tundu na tufe

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote, na hapa ndipo ninapomsihi msomaji asiharakishe. Tundu likiwa kubwa kidogo tu, njia safi ni kuzungushia tufe tepu nyeupe ya mafundi bomba, mzunguko mmoja au miwili, kwa sababu haina gundi na huondolewa bila kuacha alama. Likiwa kubwa sana, tumia puti ya epoksi. Changanya sehemu zake mbili kwa kiasi sawa mpaka rangi iwe moja isiyo na mistari, jaza tundu nusu, paka tufe la shingo mafuta ya mgando kwa safu nyembamba, kisha kisukume kichwa mahali pake katika pembe unayoitaka. Futa puti inayofurika. Puti inapoanza kukaza lakini bado ikikubali kidole, zungusha kichwa taratibu kushoto na kulia ili tufe lisishikamane, kitoe, na kiache mpaka siku ya pili. Kwa kawaida saa 24 zinatosha kwa puti kukauka kabisa. Matokeo ni tundu lililofinyangwa kwa ajili ya shingo hiyo moja, na hakuna tundu la kununua litakalolishinda. Kwa kichwa cha resini puti inayokauka ngumu sana haifai kufunika tufe zaidi ya nusu, maana hapatakuwa na kitu cha kunyumbuka tufe linapoingia. Liache tundu liwe kama bakuli, na ukamilishe mshiko kwa tepu au kwa sumaku.

Tundu dogo hupanuliwa kwa keekee ya mkono, ukianza na biti ndogo na kupanda ukubwa hatua kwa hatua. Keekee ya umeme hutoa joto linaloyeyusha PVC na kuikunja pembeni mwa tundu. Ondoa kidogo, jaribu, ondoa tena. Kila unapojaribu, tazama kidevu: kina cha tundu kikiwa pungufu kichwa huelea juu na shingo huonekana ndefu, na kina kikizidi kidevu hugusa kifua na sanamu haiwezi tena kutazama chini. Wengi hupima upana wakasahau kina, ilhali kina ndicho kinachobadilisha hali ya mwili mzima. Kichwa kilichosogezwa mbele milimita moja katika uwiano wa 1/12 huipa sanamu mkao wa mtu anayesikiliza, na kilichorudi nyuma kiasi hichohicho humfanya aonekane mwenye kiburi au mwenye kustuka. Hayo hayapatikani kwa rangi wala kwa mavazi.

Anayekusudia kubadilisha vichwa mara kwa mara katika mwili mmoja afikirie sumaku. Sumaku ndogo za neodimi zenye kipenyo cha milimita 3 zinatosha vichwa vya 1/12, na zile za milimita 5 au 6 hufaa vichwa vizito vya 1/6. Zikitumika pande zote mbili, lazima nguzo zao zielekee upande mmoja katika vichwa vyote. Panga sumaku zote katika mnara mmoja zikiwa zimeshikana, tia alama ya wino juu ya kila moja unapoitoa, kisha zibandike zote alama zikitazama juu, yaani kuelekea utosini, iwe ni ile ya shingoni au zile za vichwani. Ukikosea moja, kichwa hicho kitarushwa na shingo badala ya kuvutwa. Njia ninayoipendelea mimi ni kuweka gololi ya chuma shingoni na sumaku ndani ya vichwa tu, kwa kuwa chuma hakina nguzo ya kukosea, na umbo la duara huacha kichwa kiiname na kugeuka pande zote. Kumbuka kwamba sumaku za kawaida za aina hii huanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi 80, kwa hiyo kichwa chenye sumaku kisirudishwe kwenye maji ya moto. Aidha, sumaku hizi ni hatari kubwa kwa watoto: zikimezwa zaidi ya moja huvutana kupitia kuta za utumbo na kuzitoboa. Bandika kwa epoksi, ujaribu kuing'oa baada ya kukauka, na usimpe mtoto mdogo sanamu hiyo, kama ambavyo vichwa vyenyewe havifai kuwa karibu na mtoto wa chini ya miaka mitatu anayeweza kukabwa navyo.

Gundi ya haraka ya aina ya supagluu itumike kwa uangalifu, na kabla ya kupaka rangi. Mvuke wake hutua juu ya uso na kuacha ukungu mweupe, ambao kwenye macho yaliyokwisha kuchorwa ni hasara tupu.

Rangi inapokutana kooni

Ngozi ya sanamu za kiwandani mara nyingi haikupakwa. Ni plastiki iliyotiwa rangi tangu ilipoyeyushwa, nayo hupitisha mwanga kidogo. Kichwa kilichopakwa rangi nzito juu ya shingo ya namna hiyo huonekana kama kimepakwa chokaa hata kama rangi zimelingana. Kuna njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kupaka kichwa, shingo na viganja kwa mchanganyiko uleule, ili kila sehemu ya ngozi inayoonekana iwe ya mkono mmoja. Ya pili ni kuuficha mpaka kwa ukosi, skafu au ndevu, na hakuna aibu katika hilo iwapo mhusika anavaa hivyo.

Kabla ya yote, osha kichwa kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo na mswaki laini, kwa sababu mafuta ya kalibu hubaki juu ya plastiki na kuifanya rangi ibanduke. Tumia rangi ya akriliki ya maji. Epuka vanishi na rangi za kopo zenye viyeyusho vikali juu ya PVC laini: viyeyusho hupambana na vilainishi vilivyomo katika plastiki, na uso unaweza kubaki unanata miezi na miezi, ukishika kila vumbi. Asetoni nayo isikaribie ABS, kwa kuwa huiyeyusha.

Changanya rangi ya ngozi mchana, karibu na dirisha, na ujaribu sehemu ya chini ya kichwa ambapo shingo itaifunika. Ngoja ikauke ndipo uhukumu, maana akriliki hukolea kidogo inapokauka. Ukitaka kuitia giza usitumie nyeusi, kwa sababu ngozi itageuka kijivu. Ongeza hudhurungi iliyokolea na tone la buluu. Paka safu nyembamba nne au tano badala ya moja nzito, usije ukazika mikunjo ya macho na midomo ambayo mchongaji aliitolea jasho. Kisha tia rangi iliyozimuliwa sana, yenye wekundu kidogo, katika mikunjo, puani, masikioni na chini ya taya, ukiishusha mpaka shingoni ili kivuli cha taya kiunganishe vipande viwili. Kivuli hicho kimoja hufanya kazi kubwa kuliko saa nyingi za kutafuta rangi inayofanana kabisa.

Usipake tufe wala ndani ya tundu. Rangi hapo husagika kila kichwa kinapogeuka, huziba nafasi uliyoitengeneza kwa taabu, na hatimaye huacha mduara uliochubuka kooni.

Macho yapakwe mwisho. Sehemu nyeupe ya jicho ikipakwa nyeupe kabisa humfanya mtu aonekane mwenye hofu, kwa hiyo anza na nyeupe iliyochanganywa na hudhurungi kidogo sana, chora mstari mwembamba wa kope la juu, kisha mduara wa rangi ya jicho ukiwa umefunikwa sehemu na kope hilo. Chora macho yote mawili kwa hatua moja kabla ya kwenda hatua inayofuata, ili yasitazame pande tofauti. Ukikosea, pamba ya kijiti yenye maji huondoa akriliki iliyo mbichi, na alkoholi ya isopropili huondoa iliyokauka, ingawa itachukua pia safu zilizo chini yake. Funga uso kwa vanishi ya maji isiyong'aa, na tone la vanishi inayong'aa liwekwe juu ya macho pekee.

Kuhusu nakala

Anayejifunza kusubu atagundua haraka kwamba kalibu ya silikoni inaweza kunakili kichwa chochote. Kujitengenezea kalibu ya kichwa ulichokifinyanga mwenyewe ni ustadi unaofaa kuutafuta. Kunakili kichwa cha mchongaji mwingine na kukiuza ni kuchukua riziki yake, na pia ni kuvunja haki zake kisheria katika nchi nyingi. Nakala hizo hata kwa ubora hupungua: silikoni na resini hunywea kidogo zinapokauka, kwa hiyo tundu la nakala huwa dogo kuliko la asili, na mnunuzi ndiye anayekutana na tofauti hiyo shingoni.

Kuhifadhi

Kila kichwa kikae katika kifuko chake, mbali na jua na joto. Vichwa vya PVC laini visiachwe vikigusana na plastiki ngumu za aina ya polistirini kwa muda mrefu, kwa kuwa vilainishi huhama na kuila. Juu ya kifuko andika uwiano, kipenyo cha tundu na jina la mwili ambao kichwa hicho kinakaa vizuri.

Kichwa cha zamani nacho kisitupwe hata kama uso wake haukupendezi tena. Tundu lake ni kipimo kamili cha shingo ya mwili ule. Lipake mafuta ya mgando, ulijaze puti ya epoksi hadi mdomoni, uchomeke kijiti katikati, na puti ikishakauka ulainishe kichwa kwa maji ya moto ili uitoe. Utakuwa na tufe la kujaribia vichwa vipya bila kuugusa mwili wenyewe, na kichwa kitakachokaa vizuri juu ya kijiti hicho hakitahitaji zaidi ya mzunguko mmoja wa tepu kitakapofika shingoni.